Mbawakavu wa Majani ya Maharage: Alivyopata Jina, na Kwa Nini Jina Pekee Halikututosha

 

Mvua za masika zikishika tu, simu yangu huanza kuita kabla sijanywa chai. Wanapiga kutoka Bungu na Vugiri huku Korogwe, wanapiga kutoka Sindeni na Kwamatuku kule Handeni, na swali ni lilelile: "Bwana shamba, maharage yametobolewa kama chekeche. Kuna vidudu vinang'aa juu ya majani. Nipige dawa gani?" Wengi wa Handeni husema kunde badala ya maharage, lakini mdudu wanayemweleza ni yuleyule, au ndugu yake wa karibu.

Leo sitaanza na dawa. Nitaanza na historia ya mdudu huyu: nani alimpa jina, lini, na ilichukua muda gani mpaka watu wakajua anaishi vipi. Ndani ya historia hiyo ndimo ilimo sababu ya wengi wetu kununua dawa kila msimu na bado kuvuna kidogo. Mimi mwenyewe nimewahi kumtia mkulima hasara kwa kutoijua, kwa hiyo nianze na langu.

KOSA LANGU

Ilikuwa mwaka wangu wa pili kazini, stashahada yangu bado ina harufu ya wino. Mama mmoja wa milimani Korogwe aliniita kwenye nusu eka yake ya maharage. Miche ilikuwa na majani machache tu, na kila jani lilikuwa na matundu madogo ya mviringo. Juu yake walikaa mbawakavu wa rangi ya chungwa, wanang'aa kama waliopakwa mafuta. Nikamwambia apige dawa. Akauza majogoo wawili, akanunua kichupa, akapiga. Wadudu wakafa. Akanipigia simu kunishukuru, nami nikajiona nimefanya kazi.

Wiki kadhaa baadaye alipiga tena. Maharage yamekuwa ya njano na yamedumaa. Nilifika, nikageuza majani, sikuona mdudu hata mmoja. Nikasema udongo umechoka, aongeze mbolea. Akakopa fedha, akaweka mbolea. Mwisho wa msimu alipata debe mbili mahali alipozoea kupata gunia.

Siku ya kung'oa nilikuwepo. Mama alichimba kuzunguka shina moja kwa jembe, akapasua bonge la udongo kwa vidole. Ndani ya bonge kulikuwa na kijumba kidogo kilicholainishwa kama chungu, na ndani ya kijumba alilala mbawakavu wa rangi ya chungwa, mzima, hajaumia hata unyoya. Akapasua bonge jingine, akamkuta mwingine. Mizizi ya shina lile ilikuwa imeguguniwa, na vile vinundu vya mizizi ambavyo hulisha maharage hewa ya naitrojeni havikuwepo.

"Mwanangu," aliniuliza, "hawa si ndio wale tuliowaua?"

Sikuwa na jibu. Jina la mdudu nililijua, maana chuoni tulilikariri kwa ajili ya mtihani: Ootheca bennigseni. Nilichokuwa sikijui ni mahali anapokaa sehemu kubwa ya mwaka. Nilikuwa na jina bila mdudu.

MDUDU ANAPEWAJE JINA

Kila mdudu wa shambani alikuwa na jina kabla ya wataalamu kuja. Wazigua wana majina yao, Wasambaa wana yao, Wabondei vilevile. Tatizo ni kwamba jina la kijiji kimoja linaweza kumaanisha mdudu mwingine kijiji cha pili, na mkulima wa Mbeya hatamwelewa wa Mombo. Ndiyo maana wanasayansi hutumia jina la pamoja lenye sehemu mbili, kwa utaratibu wa Carl Linnaeus wa Sweden. Kwa upande wa wanyama na wadudu, majina yanahesabiwa kuanzia kitabu chake cha mwaka 1758. Sehemu ya kwanza ni ya ukoo mdogo, yaani jenasi. Sehemu ya pili ni ya spishi yenyewe.

Ili spishi mpya ikubalike, mambo matatu yanahitajika. Kwanza, lazima kuwe na mdudu mwenyewe, aliyekaushwa na kuhifadhiwa, anayebaki kuwa shahidi wa jina hilo siku zote. Mimi humwita sampuli mama. Pili, mdudu huyo awe na kikaratasi kinachoeleza alikamatwa wapi, lini na nani. Tatu, maelezo ya umbo lake yachapishwe, yakionyesha anavyotofautiana na ndugu zake, ili mtu yeyote mahali popote aweze kulinganisha.

Mbawakavu wetu yumo katika familia ya mbawakavu wa majani, Chrysomelidae. Ni familia kubwa mno: spishi zilizokwisha kuandikwa ni zaidi ya 35,000. Hata fukusi anayetoboa maharage yako ghalani yumo katika familia hiyohiyo. Kwa hiyo ukoo mmoja unakula maharage yako mara mbili, yakiwa shambani na yakiwa ndani ya gunia.

Katika familia kubwa namna hiyo, rangi ni shahidi wa uongo. Mbawakavu wa jenasi ya Ootheca wanaweza kuwa wa rangi ya chungwa, wa kahawia, weusi, au nusu kwa nusu, na bado wakawa spishi moja. Waliowapa majina walilijua hilo. Mmoja anaitwa Ootheca mutabilis, na neno hilo la Kilatini maana yake ni mwenye kubadilika. Mwingine anaitwa Ootheca proteus, kwa jina la mungu wa hadithi za Wagiriki aliyekuwa akibadili umbo asikamatwe. Kwa sababu hiyo mtaalamu haishii kwenye rangi. Humpasua dume tumboni na kutazama umbo la kiungo chake cha uzazi chini ya hadubini, kwa kuwa hapo ndipo spishi zinazofanana kwa nje hutofautiana.

MWALIMU WA BERLIN NA OFISA WA FEDHA

Mutabilis ndiye aliyetangulia kuandikwa, mwaka 1829, na Sahlberg wa Finland. Huyu tunayemkuta sana katika maharage ya kaskazini mwa nchi yetu, bennigseni, aliandikwa mwaka 1900 na Julius Weise.

Weise alizaliwa mwaka 1844 na kufariki mwaka 1925. Alikuwa mwalimu wa shule mjini Berlin, na nje ya saa za darasa alikuwa miongoni mwa wajuzi wakubwa wa wakati wake wa mbawakavu wa majani. Masanduku ya wadudu yalimfikia kutoka pembe zote za dunia, yeye akiwapanga, akiwalinganisha na kuwaandika. Wengi wa mbawakavu wa majani wa Afrika Mashariki wana jina lake nyuma ya jina lao, kama mhuri wa fundi.

Na Bennigsen je? Rudolf von Bennigsen alikuwa ofisa wa fedha katika serikali ya kikoloni ya Wajerumani hapa kwetu miaka ya 1890, kabla ya kupelekwa kuwa gavana wa New Guinea ya Wajerumani mwaka 1899. Mchana alihesabu mapato ya koloni, na muda wake mwingine aliutumia kukusanya mbawakavu. Kuna jenasi nzima ya mbawakavu wawindaji wenye mbio inayoitwa Bennigsenium. Ndivyo mdudu anayekula maharage ya mama wa Korogwe alivyopata jina la mtu wa hazina.

Sisemi hivi kwa kubeza. Kazi ya Weise ilikuwa safi, na hadi leo tukisema bennigseni, mtu wa Arusha, wa Lilongwe na wa Berlin wanaelewana. Lakini tazama maelezo ya namna ile yalivyokuwa. Yalieleza mdudu mkavu aliyechomwa pini: urefu, kung'aa, vipapasio, alama za mabawa. Hayakueleza funza wake. Hayakueleza mayai yake yako wapi, wala analala wapi mvua zikikatika. Mwalimu wa Berlin asingeweza kujua hayo, kwa sababu hayakai ndani ya sanduku. Yanakaa chini ya shina la maharage, na anayechimba pale ni mkulima.

AMANI ILIKUWA JIRANI

Mwaka 1902 reli ya Tanga ilifika Korogwe. Mwaka huohuo Wajerumani walifungua taasisi ya kilimo na baiolojia kule Amani, katika Usambara ya Mashariki, ambako leo ni wilaya ya Muheza. Ilikuwa na maabara, maktaba na mashamba ya majaribio, na iliheshimika duniani. Kuanzia mwaka 1903 alikuwepo mtaalamu wa wadudu, Julius Vosseler, na kuanzia mwaka 1905 jarida la taasisi, Der Pflanzer, yaani Mpanzi, lilikuwa likichapwa Tanga mjini.

Kwa hiyo mkoa wetu ulikuwa na wataalamu wa wadudu zaidi ya miaka 120 iliyopita, umbali wa siku chache za mguu kutoka mashamba ya maharage. Je, walishughulika na nini? Walishughulika na mazao yaliyopakiwa melini: kahawa, mpira, pamba, kwinini, mkonge. Mwaka 1912 Hermann Morstatt, aliyeshika kazi baada ya Vosseler, alitoa kitabu kuhusu wadudu na magonjwa ya mkahawa wa Afrika Mashariki. Mkahawa ulikuwa wa mlowezi. Maharage na kunde yalikuwa chakula cha Mwafrika, tena mara nyingi kilimo cha akina mama, hayakulipiwa ushuru bandarini.

Waingereza walipofuata nao waliendeleza orodha. Mwaka 1959 R. H. Le Pelley alichapisha Nairobi kitabu kikubwa cha wadudu wa kilimo wa Afrika Mashariki, kilichoorodhesha wadudu pamoja na mimea wanayokula katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Orodha ni kitu cha maana, kwa kuwa inakuonyesha nani anakula nini. Lakini bado haikuambii umzuie wapi.

MOROGORO, ARUSHA NA HAI

Mambo yalianza kubadilika maharage yalipopata watafiti wake. Mwaka 1984 A. K. Karel na C. L. Rweyemamu walichapisha matokeo ya kazi yao ya Tanzania kuhusu Ootheca bennigseni. Walipima hasara inayotokana na majani kuliwa, wakaikuta ni kati ya asilimia 18 na 31 ya mavuno. Weka hesabu hiyo shambani kwako. Kama ungevuna gunia kumi, mdudu huyu anaweza kubeba karibu mbili mpaka tatu. Ilikuwa miaka 84 baada ya Weise.

Hasara hiyo ni ya majani tu. Watafiti wa maharage waliokuwa na kituo chao Selian, Arusha, waliendelea kumfuata mdudu mpaka chini ya ardhi, na maisha yake yakafahamika hivi:

1. Mvua zinapoanza, mbawakavu wakubwa hutoka ardhini na kushambulia miche michanga. Hula jani kati ya mishipa. Wakiwa wengi, jani hubaki wavu.

2. Jike hushuka na kutaga mayai kwenye udongo karibu na shina, kwa mafungu.

3. Funza hutoka kwenye mayai na kula mizizi na vinundu. Huwaoni. Unachokiona ni maharage kugeuka njano, kudumaa na kutoa maganda mapungufu.

4. Funza akikomaa hujijengea kijumba cha udongo, hugeuka pupa, kisha mbawakavu kamili.

5. Mbawakavu huyo mpya hatoki. Hulala ndani ya kijumba kiangazi chote, akingoja mvua ya msimu unaofuata. Katika maeneo mengi hutoka kizazi kimoja tu kwa mwaka.

Soma tena namba 2 na namba 5. Nilipomwambia yule mama apige dawa, majike yalikuwa tayari yameshataga. Dawa iliua wazazi, watoto wakabaki chini salama. Njano niliyoiita uchovu wa udongo ilikuwa kazi ya funza. Mbolea tuliyonunua kwa mkopo tuliitupia mmea usio na mizizi ya kuinywa. Na wale waliolala kwenye vijumba siku ya kung'oa walikuwa akiba ya mwaka unaofuata.

Elimu hii ilipopelekwa kwa wakulima wa wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, vikundi vyenyewe vilishiriki kuijaribu mashambani: kulima mara baada ya kuvuna, kuchelewesha kupanda, kubadilisha mazao, na dawa za asili kama utupa na mkojo wa ng'ombe. Mkulima akishaona kwa macho yake mbawakavu aliyelala udongoni, hahitaji kushawishiwa kulima mapema. Mimi nimelithibitisha hilo Korogwe: jembe moja na bonge moja la udongo vinafundisha kuliko semina yangu ya saa mbili.

UGANDA: MMOJA BADO HANA JINA

Unaweza kudhani kwamba kazi ya majina ilikwisha zamani, imebaki ya jembe. Haijaisha. Watafiti wa Uganda walizunguka nchi yao msimu wa pili wa mvua wa mwaka 2016 na msimu wa kwanza wa mwaka 2017, wakikusanya mbawakavu wa majani ya maharage. Walipata zaidi ya 5,000. Katika timu yao alikuwemo Thomas Wagner wa Ujerumani, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akipitia upya mbawakavu wa majani wa Afrika, na ambaye pamoja na wenzake ameandika spishi nyingi mpya, nyingine zikiwa zimekaa kwenye droo za makumbusho tangu enzi za akina Weise bila mtu kuzitambua.

Matokeo yalikuwa haya. Asilimia 99 walikuwa Ootheca mutabilis. Wachache walikuwa Ootheca proteus, tena walipatikana wilaya moja tu, Arua. Na alikuwemo mbawakavu mwingine, anayefanana nao kwa karibu, ambaye hawakuweza kumpa jina lolote.

Hakupatikana kilele cha mlima wala katikati ya msitu. Alikuwa kwenye shamba la maharage, zao ambalo Waganda hula kila siku kama sisi. Watu walikuwa wakimwona, wakimfinya kwa vidole, wakimpulizia dawa. Mdudu mpya kwa sayansi si lazima awe mgeni kwa mkulima. Mara nyingi ni jirani ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza jina.

Faida yake kwetu ni nini? Watafiti wale walipojua kwamba mutabilis ndiye mwenye shamba Uganda, walijua pia juhudi zielekezwe kwa nani. Spishi mbili zinazofanana zinaweza kutofautiana kwa mwinuko wanaoupenda na msimu wanaotoka kwa wingi. Ushauri wa Hai usichukuliwe mzimamzima na kutuliwa Handeni, ambako ni chini, kuna joto, na zao kubwa la jamii hiyo ni kunde. Ni lazima kwanza tujue tuna nani.

NAMNA YA KUMTAMBUA SHAMBANI

Huna haja ya hadubini kujua kama ni mbawakavu wa majani au ni mwingine. Angalia haya:

Umbo na ukubwa. Ni mdogo, kama milimita 6, umbo la yai, anang'aa. Rangi ni ya chungwa, kahawia au nyeusi.

Vipapasio. Ni virefu na vyembamba kama uzi. Yule mdudu wa mviringo kama nusu ya punje, mwekundu mwenye madoa meusi, ana vipapasio vifupi. Huyo wengi wao hula vidukari, ni askari wako. Usimuue.

Miguu ya nyuma. Ukimgusa akaruka kama kiroboto, na mapaja yake ya nyuma ni manene, huyo ni ndugu mwingine wa familia hiyo, siye huyu.

Mahali anapokula. Huyu hupenda majani machanga. Ukiona mbawakavu mrefu mwenye mikanda ya rangi kali anakula maua, huyo ni wa familia nyingine kabisa, na usimfinye kwa mkono mtupu, maji yake hutoa malengelenge.

Mizizi. Hili ndilo muhimu kuliko yote. Maharage yakigeuka njano bila sababu, usikimbilie mbolea. Chimba mashina matano sehemu tofauti za shamba, weka udongo wake kwenye karai, osha mizizi taratibu. Ukiona funza weupe na mizizi iliyoguguniwa, umepata jibu.

CHA KUFANYA

Ukishavuna, lima. Usingoje kiangazi kiishe. Kulima kunavunja vijumba na kuwatoa mbawakavu waliolala, jua likawakausha na kuku na ndege wakawamaliza. Kwenye mteremko wa milimani lima kwa kufuata kontua, usije ukaondoa mdudu na udongo pamoja.

Badilisha zao. Baada ya maharage panda mahindi au alizeti. Kutoka maharage kwenda kunde si kubadilisha, ni kumbadilishia mdudu sahani.

Chelewesha kupanda, lakini kwa tahadhari. Mbawakavu wanaotoka na mvua za kwanza wakikosa miche, wengi hufa njaa au huhama. Milimani Korogwe, penye mvua ya kutosha, hili linawezekana. Handeni tambarare, ambako mvua inaweza kukata ghafla, kupoteza wiki mbili kunaweza kukugharimu kuliko mdudu. Hapo tegemea zaidi kulima mapema na kubadilisha zao.

Kagua mapema. Wiki ya kwanza baada ya kuota, pita shambani asubuhi. Kama ni lazima kutumia kiuatilifu, tumia wakati huo, kabla hawajataga, tena kilichosajiliwa na kwa kipimo cha kwenye kibandiko. Dawa ya wiki ya tano ni fedha iliyotupwa. Ukitumia utupa, usioshee vyombo mtoni, unaua samaki.

Fanyeni pamoja. Mbawakavu ana mabawa. Ukilima wewe peke yako na jirani akaacha shamba lake kama lilivyo, atakuletea wake. Zungumzeni kwenye kikundi au kwenye mkutano wa kitongoji.

UKIMKUTA USIYEMJUA

Hapa ndipo historia inaporudi mkononi mwako. Weise alihitaji mdudu na kikaratasi. Mtaalamu wa leo anahitaji vilevile. Fanya hivi:

Kamata mbawakavu kumi au zaidi, kwa sababu kati yao lazima wapatikane madume. Watie kwenye chupa ndogo yenye spiriti ya duka la dawa. Andika kwa penseli, si kalamu ya wino, maana spiriti huufuta wino. Kikaratasi kikae ndani ya chupa pamoja na wadudu, nacho kiseme: kijiji na kata, tarehe, zao, na jina la aliyekamata. Piga picha ya jani lililoliwa na ya mizizi iliyooshwa. Mpelekee afisa ugani wako. Yeye ana njia ya kuifikisha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu au kwa watafiti wa TARI.

Mdudu bila kikaratasi ni takataka iliyokauka. Mwenye kikaratasi ni ushahidi, hata baada ya miaka mia.

Nimalizie kwa yule mama. Baada ya msimu ule mbaya nilirudi kwake, nikamwambia wazi kwamba nilikosea, na kwamba fedha ya majogoo na ya mbolea ilipotea kwa ushauri wangu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi tulime." Tulilima nusu eka ile mara tu baada ya kung'oa, akiwa na jirani zake wawili, kuku wakitufuata nyuma. Mwaka uliofuata alipanda mahindi pale. Maharage yaliporudi alipata debe nne. Hazijafika gunia, lakini hakununua dawa hata tone.

Masika haya amenitumia chupa kwa bodaboda. Ndani kuna mbawakavu kumi na wawili, na kikaratasi cha penseli kwa mwandiko wa mjukuu wake: kijiji, tarehe, maharage, na jina la bibi. Kumi ninawatambua kwa jenasi yao. Wawili wana mabega mapana zaidi na hawafanani na wenzao. Nimeshaituma.

Kazi njema, na mavuno mema.